Mbili ni Mbili: Hesabu ya Mihula ya Gavana

Mhadhara uliotolewa kwenye mkutano wa elimu ya uraia, Mombasa

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni. Ingieni mketi, viti vipo, na nitakalosema leo linawahusu nyinyi kuliko sisi wenye mvi.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie ugatuzi na maendeleo. Nitamwomba radhi mbele yenu. Maendeleo mtayasikia kwa wasemaji watakaonifuata. Mimi nimekuja na jambo langu lile lile nililolisema Kaloleni, nikalisema Voi, nikalisema Mpeketoni, na nikialikwa kesho nitalisema tena: gavana anakaa ofisini kwa muda gani, na nani anayehesabu?

Sehemu ya kwanza ya swali kila mtu humu ana jibu lake. Mihula miwili, miaka mitano mitano. Sehemu ya pili ndiyo inayonipandisha matatu kwa umri huu.

Tuliozaliwa zamani tunaikumbuka enzi ya P.C., yaani mkuu wa mkoa. Mzee Kenyatta alipofariki hapa Mombasa Agosti 1978, Mkuu wa Mkoa wa Pwani alikuwa Eliud Mahihu. Nani kati yetu aliwahi kuuliza Mahihu anamaliza lini? Swali lenyewe halikuwepo. Aliyemteua alikuwa Nairobi, na muda wake ulikuwa ni radhi ya aliyemteua. Siku moja unafungua redio saa saba mchana, unasikia fulani amehamishwa, basi, amekwenda, na mwingine yuko njiani anakuja. Ndiyo maana mimi nikiusoma mstari wa Katiba unaotaja mihula ya gavana, nausoma kama mtu aliyepata hati ya shamba la babake baada ya kukaa uskwota miaka arubaini. Neno moja silitupi.

Sasa tuusome. Kifungu cha 180, sehemu ya 7: mtu hatashika wadhifa wa gavana wa kaunti kwa zaidi ya mihula miwili. Na naibu gavana vivyo hivyo. Mstari umekwisha. Niambieni, nyinyi wenye macho makali, neno "mfululizo" mmeliona wapi hapo? Halipo. Neno "inayofuatana"? Halipo. Neno "isipokuwa amepumzika muhula mmoja"? Halipo!

Nasema hivi kwa sababu ile hoja ya mapumziko imeanza kutembea. Imefika kwenye vibaraza vya kahawa, imefika kwenye harusi, na hivi karibuni kijana mmoja alinisimamia kwenye baraza akaniambia, "Mwalimu, gavana akimaliza miwili akikaa nje mmoja, si ubao umefutwa?" Nilimuuliza nani kafuta. Akacheka. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani sikucheka, maana yule kijana hakuibuni hoja ile mwenyewe. Alipewa. Na anayeigawa hoja namna hiyo ana safari yake.

Twendeni Marekani kidogo, kwa sababu wenzetu wamekuwa na magavana wa majimbo kwa zaidi ya miaka 200 na wamejaribu kila aina ya kufuli. Jimbo la Virginia lina kufuli lake la pekee: gavana anakaa miaka minne, na haruhusiwi kujirithi. Akimaliza, lazima atoke. Lakini wao waliandika wazi kwamba anazuiwa kwa muhula unaofuata ule wake. Kwa hiyo Mills Godwin alikuwa gavana kuanzia 1966 hadi 1970, akatoka, akarudi 1974 hadi 1978, na hakuna aliyemshtaki, kwa kuwa sheria ilimwachia mlango. Waliotaka mapumziko waliyaandika. Sisi 2010 tulikuwa na nafasi ya kuyaandika, hatukuyaandika. Na ukitaka ushahidi zaidi, soma kifungu cha 142 kinachomhusu Rais. Maneno ni yale yale, zaidi ya mihula miwili. Uhuru Kenyatta alipotoka Ikulu 2022, sijamsikia mwanasheria akisema kwamba baada ya kupumzika miaka mitano ubao utakuwa umefutwa. Iweje mstari uwe na maana moja ukiwa Ikulu na maana nyingine ukifika kaunti?

Kuna watakaoniambia, "Mwalimu, lakini muhula wa kwanza haukuwa kamili." Hili nalijua. Uchaguzi wa kwanza wa magavana ulifanyika tarehe 4 Machi 2013, na uliofuata ukawa 8 Agosti 2017. Kwa hiyo muhula ule ulikuwa wa miaka minne na miezi mitano hivi. Aliyeanza nao na akashinda tena alikaa miaka tisa na miezi mitano, wala si kumi. Ni kweli. Na hapa Mombasa tukaongezewa kidogo, mnakumbuka: karatasi za kura za ugavana zilikuja 2022 na makosa, uchaguzi wetu na wa Kakamega ukasogezwa hadi tarehe 29 Agosti, na Abdulswamad Nassir akaapishwa Septemba wakati wenzake walikuwa wamekwisha kuingia ofisini Agosti. Kwa hiyo Hassan Joho, gavana wetu aliyemtangulia, alikaa wiki kadhaa zaidi kuliko Amason Kingi wa Kilifi au Salim Mvurya wa Kwale. Je, wiki zile tumkate popote? Hapana. Katiba inahesabu mihula. Siku zikipungua ni bahati mbaya, zikizidi ni bahati nzuri, muhula ni muhula.

Na tusisahau tulikotoka. Ukomo wa mihula miwili ya Rais uliingizwa kwenye katiba ya zamani kabla ya uchaguzi wa 1992, na hesabu ikaanzia hapo, kana kwamba miaka 14 ya nyuma haikuwepo. Moi akakaa 24. Wenzangu wa rika langu wanajua ilivyo unapomwachia mtu mwingine akuchagulie mahali pa kuanzia kuhesabu.

Sasa nataka niwasimulie habari ya mwanamke mmoja. Walionisikia kabla wanaijua, wanivumilie, maana siwezi kuiacha.

Jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Gavana ni George Wallace. Huyu ndiye aliyesimama mlangoni mwa Chuo Kikuu cha Alabama Juni 1963 kuzuia wanafunzi weusi wasiingie. Jina lake limevuma nchi nzima, anautaka urais, na kiti cha ugavana ndicho jukwaa lake. Lakini katiba ya Alabama wakati ule ilisema gavana hajirithi. Miaka minne, unatoka. Mwaka 1965 akaliita bunge la jimbo akataka katiba ibadilishwe. Seneti ya jimbo ikakataa. Tena alikuwa na nguvu mno wakati ule, lakini maseneta wachache walishikilia, na mstari ukabaki pale pale.

Akafanya nini? Akamgeukia mkewe. Lurleen. Mama wa watoto wanne, aliyewahi kuuza dukani akiwa msichana, mtu wa kuvua samaki na kukaa na wanawe, ambaye hakuwahi kugombea chochote. Na kulikuwa na jambo zito zaidi. Mwaka 1961, alipojifungua mtoto wake wa mwisho, madaktari waliona dalili za saratani. Walimwambia mumewe. Yeye hawakumwambia. Alikuja kuambiwa na daktari mwingine mwaka 1965, saratani ikiwa imekwisha kufika. Akafanyiwa tiba ya mionzi, akafanyiwa upasuaji Januari 1966, na mwezi uliofuata akatangazwa mgombea.

Akina mama, nawatazama nyinyi. Mwezi uliofuata.

Alizunguka jimbo zima. Alikuwa anasoma hotuba fupi, kisha mume anachukua kipaza sauti anazungumza kwa muda mrefu. Hawakuficha: walisema akishinda, mume atakuwa mshauri wake kwa mshahara wa dola 1 kwa mwaka. Kulikuwa na wanaume wenye majina kwenye kinyang'anyiro, wawili wao magavana wa zamani, akawashinda wote kwenye mchujo wa chama bila hata duru ya pili. Januari 1967 akaapishwa, mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Alabama. Na nimpe haki yake: alipotembelea hospitali ya wagonjwa wa akili na makao ya watoto wenye ulemavu huko Tuscaloosa alishtuka kwa aliyoyaona, akapigania fedha za kuzirekebisha, akazipata. Hilo lilikuwa lake mwenyewe. Tarehe 7 Mei 1968 akafariki akiwa ofisini. Alikuwa na miaka 41.

Naibu wake, Albert Brewer, akaingia. Mwaka ule ule Alabama ikabadilisha katiba, gavana akaruhusiwa mihula miwili mfululizo. Mwaka 1970 Wallace akagombea dhidi ya Brewer. Brewer akaongoza duru ya kwanza, Wallace akamshinda ya pili. Akakaa 1971 hadi 1979. Akapumzika. Mnasikia hilo neno? Akapumzika, akarudi 1983 hadi 1987. Jumlisheni: 1963 hadi 1967, minne. 1971 hadi 1979, minane. 1983 hadi 1987, minne. Miaka 16 kwa jina lake, bila kuhesabu ile ya mkewe. Katika jimbo lililoanza na sheria kali kuliko yetu!

Kuna mtu alinijibu pale Voi, mzee wa heshima sana, akasema, "Mwalimu, Lurleen alipigiwa kura. Wananchi walijua." Naam, walijua, na walipiga kura kwa furaha. Mimi siwalaumu wapiga kura wa Alabama. Ninachowaonyesha ni kwamba kufuli linalomzuia mtu kwa muhula mmoja humfundisha kumtafuta wa kumkalia kiti. Humfanya mke awe mto wa kuwekea nafasi. Kufuli linalosema "mbili maishani" halina faida hiyo kwa mtu, kwa sababu hata akimweka mkewe au mdogo wake pale, yeye mwenyewe harudi. Ndipo ilipo tofauti, na ndiyo sababu hoja ya mapumziko inanikasirisha. Ukiikubali, umeigeuza Kenya kuwa Alabama ya 1966. Kila gavana anayemaliza ataanza kumtafuta Lurleen wake.

Haya. Mwenyekiti ananitazama. Nina jambo la pili, na hili ndilo wengi hawalijui kabisa, kwa hiyo wenye kalamu watoe kalamu.

Gavana akifa, akijiuzulu au akibanduliwa, naibu anachukua. Swali: ule muda uliobaki, unahesabiwa kuwa muhula wake? Kifungu cha 182, sehemu ya 3, kimejibu, na kimejibu kwa rula. Kama siku anapoingia imebaki zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya uchaguzi mkuu unaofuata, amehesabiwa muhula mzima. Ikiwa haikuzidi hapo, hajahesabiwa chochote. Hapana nusu muhula.

Tuanze na Nyeri, kwa sababu watu wa Nyeri walipitia mtihani ambao sisi hatujawahi kuupitia. Mwaka mmoja, 2017, magavana wanne. Nderitu Gachagua akafariki Februari. Naibu wake, Samuel Wamathai, akaapishwa, imebaki miezi michache kufika Agosti: muhula wake haukuhesabiwa. Agosti akashinda Wahome Gakuru. Novemba Gakuru akafariki kwa ajali ya barabarani, hata hajamaliza miezi mitatu. Naibu wake, Mutahi Kahiga, akaingia. Kahiga alikuwa na zaidi ya miaka minne na nusu mbele yake, kwa hiyo amehesabiwa muhula mzima ingawa hakupigiwa kura kama gavana. Akashinda 2022. Hiyo ni miwili. 2027 safari yake imekwisha.

Bomet hivyo hivyo. Joyce Laboso alifariki Julai 2019, Mungu amrehemu, Hillary Barchok akaingia, imebaki miaka mitatu. Muhula. Akashinda 2022. Miwili. Nyamira sasa, geuzeni ukurasa: John Nyagarama alifariki Desemba 2020, Amos Nyaribo akaingia ikiwa imebaki chini ya miaka miwili. Haukuhesabiwa. Ushindi wake wa 2022 ndio wa kwanza.

Msifikiri kila mara tarehe huwa mbali na mpaka ule wa miaka miwili na nusu. Kiambu, Seneti ilimwondoa Ferdinand Waititu mwishoni mwa Januari 2020, na James Nyoro akaapishwa siku hizo hizo. Uchaguzi ulikuwa tarehe 9 Agosti 2022. Rudisha nyuma miaka miwili na nusu, unafika tarehe 9 Februari 2020. Nyoro aliingia kabla ya mpaka kwa siku chache tu! Siku zisizotimia nusu mwezi, na mtu akahesabiwa miaka mitano. Alishindwa 2022 na Kimani Wamatangi, kwa hiyo watu hawakupata sababu ya kugombana. Angeshinda, muhula ule ungekuwa wa mwisho, na sijui ni watu wangapi Kiambu walilitambua hilo siku alipoapishwa.

Na Meru ndiyo iliyonikosesha usingizi. Agosti 2024 Seneti ilikubali kumbandua Kawira Mwangaza. Kama naibu wake, Isaac Mutuma, angeapishwa wiki ile, ingekuwa imebaki karibu miaka mitatu: muhula mzima. Lakini Mwangaza alikwenda mahakamani, uamuzi wa Seneti ukasimamishwa, kesi ikaenda, ikaenda. Mahakama Kuu ikaamua Machi 2025 kwamba kubanduliwa kulikuwa halali, na Mutuma akaapishwa mwezi huo huo. Sasa hesabuni nami. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti 2027, yaani tarehe 10. Rudisha miaka miwili na nusu: tarehe 10 Februari 2025. Mutuma aliingia mwezi mmoja na siku kadhaa baada ya mpaka. Hajahesabiwa kitu. Akishinda 2027, huo ndio wa kwanza, na anaweza kuutaka mwingine 2032.

Mnaona kesi moja mahakamani ilivyofanya? Mimi simshutumu yeyote. Mwangaza alikuwa na haki ya kwenda mahakamani, na Mutuma hakuwa na uwezo wa kuharakisha jaji. Lakini tarehe ya hukumu ilibadilisha kitu cha miaka mitano katika maisha ya kaunti, na sikusikia kipindi hata kimoja cha redio kikilizungumzia. Tulikuwa tunabishana nani amemtukana nani. Siku gavana wa kwenu akiondoka katikati ya muhula, swali lenu la kwanza liwe: leo ni tarehe ngapi?

Kuna sauti naisikia hapo mbele, mama ananiuliza: na gavana mzuri je? Swali zuri, na huwa linanipata kila mahali. Wanaolileta hunitajia Makueni. Profesa Kivutha Kibwana alikaa 2013 hadi 2022, akaanzisha mpango wa afya ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti, wananchi wakawa wanakaa kwenye mabaraza ya vijiji kupanga bajeti. Watu kutoka kaunti nyingine walikuwa wanakwenda kutazama. Je, hakustahili wa tatu?

Mama yangu, nakujibu kwa moyo wote. Kama mpango ule ulikuwa mzuri, ulikuwa na miaka tisa ya kuota mizizi. Ukiota, mrithi ataumwagilia maji. Usipoota, basi ulikuwa umesimama kwa mkono wa mtu mmoja, na mkono wa mtu huchoka hata ukiupa miaka 20. Hata Iowa, kule Marekani ambako hakuna kufuli lolote, Terry Branstad alikuwa gavana kwa jumla ya zaidi ya miaka 22, rekodi ya nchi yao, na mwisho wake aliondoka 2017 kwenda kuwa balozi China katikati ya muhula, mwingine akaingia, na Iowa ikaendelea kulima mahindi. Halafu nikuulize na mimi: ile karatasi ya kura inayomwongezea mzuri muda, utaizuiaje isimwongezee yule mwingine? Pwani tuna kaunti sita. Tatu kati yake, Mombasa, Kilifi na Kwale, ziliwapa magavana wao wa kwanza mihula yote miwili. Tatu, Lamu, Tana River na Taita Taveta, ziliwang'oa wa kwanza wao baada ya mmoja. Taita Taveta wamewang'oa wawili: John Mruttu 2017, Granton Samboja 2022. Kwa hiyo Mpwani anajua kuongeza na anajua kukataa. Miaka mitano inamtosha kuamua, na kumi inamtosha gavana kumaliza kazi.

Na mahakama ikisimama imara inawezekana. Nigeria, Januari 2012. Magavana watano, wa Adamawa, Bayelsa, Cross River, Kogi na Sokoto, waliapishwa 2007, chaguzi zao zikafutwa, zikarudiwa, wakaapishwa upya 2008. Wakasema miaka yetu minne inaanzia kiapo cha pili. Mahakama ya Juu ikawaambia hapana, saa ilianza kugonga kwa kiapo cha kwanza. Muda wao ulikuwa umekwisha Mei 2011. Wote watano wakaambiwa watoke ofisini. Hiyo ndiyo hesabu ninayoitaka mimi.

Mwenyekiti amenyanyua kikaratasi. Dakika tano? Haya, nitakimbia.

La naibu gavana. Katiba inamhesabia mihula yake miwili kando na ile ya ugavana. Kwale, Fatuma Achani alikuwa naibu tangu 2013, akachaguliwa gavana 2022. Ni halali kabisa, na wananchi walimpa wao wenyewe. Ninachowaomba ni mjue kwamba mnapochagua naibu mnaweza kuwa mnachagua mtu atakayekuwa naibu na kisha gavana kwa miaka 20 ijayo, basi msimwachie mgombea amchague kwa mizani ya ukoo peke yake, na nyinyi mkapokea jina kama mlivyopokea khanga.

La madeni. Muhula wa mwisho ndipo kandarasi zinapotolewa kwa fujo. Anayetoka anajua hatakuwepo wakati wa kulipa. Anayeingia anaunda kamati ya kukagua madeni, kamati inakaa, na fundi aliyejenga zahanati anauza gari lake. Nilitaka kulizungumza hili kwa kirefu, nilikuwa hata na mifano ya wadi. Sina muda. Mkinialika tena nitaanza nalo.

La miaka saba. Mwaka 2024 Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, aliwasilisha mswada wa kurefusha muhula kutoka miaka mitano hadi saba, magavana nao wakiwemo. Watu waliupinga kwa wingi, ukaanguka. Utarudi kwa jina jingine. Mbili ukizifanya saba saba ni 14, na bado watakuambia ni mihula miwili tu.

Swali moja la mwisho, huyo kijana mwenye kofia. Ndiyo, nimekusikia. Anauliza Lamu inahesabiwaje, kwa sababu Issa Timamy alikuwa gavana 2013 hadi 2017, akashindwa na Fahim Twaha, akakaa nje miaka mitano, akarudi 2022.

Umeniletea hesabu yote ndani ya mtu mmoja, kijana wangu. Ukiifuata hoja ya mapumziko, utaniambia ule wa 2013 umefutika, kwa hiyo 2022 ni mwanzo mpya, na anaweza kugombea 2027. Ukiusoma mstari ulivyoandikwa, alishika wadhifa ule mara moja 2013, akaushika tena 2022. Bungoma ni hivyo hivyo kwa Ken Lusaka. Chukua kalamu yako uandike pembeni ya gazeti hilo ulilolishika. 2013, moja. 2022, mbili.